Fuko Haachi Mlango Wazi

Mkifika kwenye shimo la mnyama, laleni chini. Msisimame juu yake na mikono kiunoni kama mwenye nyumba aliyeibiwa. Laleni kifudifudi, shavu karibu na udongo, muangalie, mnuse, msikilize. Dishdasha, hiyo kanzu yenu, itachafuka na nyumbani mtasemwa. Waacheni waseme. Mimi nilifanya kazi ya kuwashauri wakulima huku Omani, kuanzia Ibra mpaka milima ya Dima wa Tayyin, na mwisho nikahamishiwa Nizwa, na sikumbuki hata mara moja kupata jibu zuri la shimo nikiwa nimesimama.

Nayaandika haya kwa sababu ya Rahma, binti wa ndugu yangu, anayesomea mambo ya wanyama chuoni. Juzi alinipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za magoti yangu, akaniuliza:

"Ami, kitabuni wameweka fuko na mbweha ukurasa mmoja, wote mamalia. Sasa mbona mmoja kama chupa iliyoota manyoya na mwengine kama mbwa aliyekonda? Wamefanana nini hawa?"

Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia. Nikamwambia, "Hilo swali, mwanangu, nusura liwamalize kuku wa bibi mmoja mkoa wa Sharqiyah, upande wa Ibra. Nitakuandikia." Basi Rahma, hii ni yako, na ni ya wenzako wote mnaoanza kazi hizi na bado mnasoma Kiswahili.

Tuanze na walivyofanana, maana watu hukimbilia tofauti wakapotea njia. Fuko na mbweha wote wana damu ya moto, wote wana manyoya, wote huzaa na kunyonyesha. Mtoto wa mbweha huzaliwa ndani ya ardhi, macho yamefumba, akapapasa gizani kutafuta ziwa la mama yake. Mtoto wa fuko hivyo hivyo. Siku zile za mwanzo mama zao wanafanya kazi moja.

Tofauti inaanza siku ya kutoka nje. Mbweha hutoka. Fuko hatoki. Mengine yote, macho, masikio, miguu na meno, yanafuata hapo.

Mbweha anatafuta chakula chake juu ya ardhi, mahali penye upepo, nyota, mbwa na watu wenye mawe. Kwa hiyo kapewa miguu mirefu, pua kali, na masikio yanayosikia panya akitafuna upande wa pili wa ukuta. Kule Jalan Bani Bu Hassan, mchanga unapoanzia, bedui mmoja alinionyesha nyayo za mbweha wa mchangani, hazina alama ya vidole, zimefifia kama mtu aliyepita na viatu vya kitambaa. "Huyu huvaa khofu," akaniambia, yaani soksi za ngozi. Kweli, ana manyoya mpaka chini ya nyayo, mchanga wa moto usimuunguze. Na masikio yake makubwa hayasikii tu, yanampunguzia joto vile vile.

Fuko yeye hana haja na hayo. Hana masikio ya nje, yangejaa udongo bure. Macho yake ni kama punje za ufuta. Manyoya yake hulala upande wowote unaoyapapasa, kwa hiyo hurudi kinyumenyume kwenye njia yake nyembamba upesi kama anavyokwenda mbele. Fuko wa kwetu bara huchimba kwa meno, na meno yenyewe yako mbele ya midomo, akifunga mdomo meno yanabaki nje, udongo hauingii. Yule wa kwenye vitabu vya ng'ambo ni mwengine. Huyo huchimba kwa viganja vilivyogeuka nje kama makoleo mawili, tena hula minyoo, wakati wa kwetu hula mizizi na ni wa ukoo wa panya. Hawana undugu wa karibu. Kuishi chini tu ndiko kulikowafananisha, kama mafundi wawili wasiojuana wanaovaa nguo moja ya kazi. Rahma, hili ulishike, mwalimu wako atafurahi.

Nimesema "kwetu bara." Mimi nilizaliwa Tabora, na babu yangu mzaa mama alikuwa na shamba la muhogo na viazi. Fuko alikuwa adui wa nyumba. Ulikuwa unauvuta mche wa muhogo unaochekelea jua, unakuja wote mkononi, chini hamna kitu, mwenyewe keshakula zamani. Babu alinifundisha mtego. Unatafuta njia ya fuko chini ya kichuguu cha udongo mpya, unaifungua kwa jembe, unatia kitanzi ndani, kamba yake unaifunga kwenye kijiti kilichopindwa kama upinde. Kisha unakwenda zako. Chambo hamna. Chambo ni ule mwanga wenyewe. Fuko akihisi mwanga na upepo vimeingia kwake hawezi kuvumilia, lazima aje kuziba. Anakuja anasukuma udongo kwa kichwa, anagusa kitanzi, kijiti kinafyatuka.

"Fuko haachi mlango wazi," babu alikuwa akisema. "Ukifungua leo na kesho ukakuta pako wazi, basi kahama au kafa."

Nilikuja Omani na maneno hayo kichwani, pamoja na nguo za sanduku moja. Hayakunifaa kitu kwa muda mrefu. Kisha yakanifaa, lakini si vile nilivyotegemea.

Ilikuwa miaka ya tisini. Kijiji kiko chini kidogo ya Ibra na sitokitaja, kwa sababu wajukuu wa wahusika wapo na baadhi yao ni wepesi wa kupiga simu. Alikuwapo mjane mmoja, Bi Zuwena, mzaliwa wa Unguja mjini, aliyekuja Omani na mumewe. Mume akafariki akamwachia mitende michache kando ya falaji, ule mfereji wa maji unaonywesha mashamba kwa zamu. Mitende haikumshughulisha sana. Moyo wake ulikuwa kwa kuku. Kila Jumatano alikuwa akipeleka mayai soko la wanawake Ibra, na kila kuku alikuwa na jina lake: Bi Harusi, Mwanakombo, Mamsapu. Watoto wake wako Maskati, walikuja siku za Idi. Siku nyingine zote mazungumzo ya nyumba ile yalikuwa kati yake na kuku.

Jirani yake wa chini aliitwa Saidi. Alikuwa mtu wa kazi, mkali wa maneno, na shamba lake la majani ya mifugo lilitegemea maji yale yale, yanayopita kwanza ukingoni mwa Bi Zuwena. Zamu ya Saidi ikifika, maji yalikuwa yanatoka juu yamejaa, yakimfikia yamekwisha nguvu. Ukingo ulikuwa unavuja. Umejaa mashimo.

Aliyeniita ni Ami Hamdun, arifu wa falaji, yaani mzee anayepanga zamu za maji na kuamua ugomvi wake. Nilipofika Saidi alikuwa tayari kasimama ukingoni.

"Ya muhandis," akaniambia kwa Kiarabu. Kwao kila mtu wa ofisi ya kilimo alikuwa muhandisi, hata sisi tulioanza kwa kubeba magunia. "Angalia mwenyewe. Mbweha. Kuku wa bibi huyu wanawaita mbweha wa bonde zima, wakija wanachimba ukingo, maji yangu yananywewa na mchanga."

"Umewaona wakichimba?"

"Nimeona nyayo. Sasa sikiliza. Zamu yangu inarudi wiki ijayo. Maji yakipotea tena, ama yeye auze kuku wote, ama mimi naweka nyama yenye sumu ukingo mzima. Sumu ninayo nyumbani. Khalas, basi."

Ami Hamdun akakohoa. Yeye alikuwa na fikra yake kwamba ni punda wa mtu fulani anayekanyaga ukingo, lakini punda yule alikuwa wa shemeji yake, hakutaka kulisema mbele za watu.

Bi Zuwena alingoja Saidi aondoke, ndipo akasema nami kwa Kiswahili.

"Shikamoo, Bi Zuwena," nikamwamkia.

"Marahaba, Sleman. Umemsikia? Sumu hiyo kabla mbweha hajainusa, kuku wangu watakuwa wamekwisha, ndio wanaoshinda ukingoni kutwa. Na nikiwauza," akainama akamwondoa Mamsapu miguuni, "asubuhi nikiamka nimwamkie nani?"

Nikaenda kuangalia ukingo, nikiwa nimesimama, kama nilivyokukatazeni hapo mwanzo. Nikaona vichuguu vya udongo mpya, vimelala safu moja kando ya mfereji. Nikauona muhogo wa babu yangu mbele ya macho yangu, katikati ya mitende.

"Fuko!" nikasema.

"Fuko?" Bi Zuwena akanitazama. "Nyinyi watu wa bara na mafuko yenu! Huku Omani fuko atoke wapi? Alipanda meli pamoja na nyinyi?"

Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuchonga upongoo wa mtende kufanya kijiti cha mtego. Nilitia kitanzi, nikafunga kamba, nikapinda. Ulikuwa mtego mzuri, babu angeusifu. Saidi alichungulia juu ya ukuta wake.

"Hii nini, ya muhandis? Upinde wa kuwindia sisimizi?"

"Subiri utaona."

"Nasubiri. Kusubiri nimekuzoea, maji yenyewe nayasubiri tangu mwaka jana."

Asubuhi yake, baada ya sala ya alfajiri, nikarudi. Mtego umekaa vile vile, shimo liko wazi, upepo unaingia na kutoka. Nikasema fuko wa Omani labda mzito wa kuamka. Nikangoja siku ya pili. Niliporudi nilimkuta Bi Zuwena kakaa kwenye mkeka na dalla yake, lile birika la kahawa, ananitazama kama mtu anayetazama mchezo wa kuigiza.

"Sleman, si umeniambia fuko haachi mlango wazi?"

"Ndiyo, Bi Zuwena."

"Mlango huu uko wazi tangu juzi. Mwanakombo ameshaingiza kichwa akala mchwa akatoka. Basi huyo si fuko. Au ni fuko asiyefunzwa adabu."

Hapo ndipo nilipomkumbuka mwalimu wangu wa kazi, marehemu Nassor, mkuu wetu wa mwanzo pale ofisini. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa akituambia, "Jina la mnyama usianze nalo. Malizia nalo." Na alikuwa na kipimo chake, hakikuhitaji rula. Shimo inalopita finjani ya kahawa ni la panya. Shimo inalopita dalla nzima na kitako chake ni la mbweha. Katikati ya hapo, ulalie tumbo na uangalie tena.

"Bi Zuwena, niazime finjani."

"Unataka kahawa?"

"Nataka kupimia shimo."

"Finjani yangu? Uitie kwenye tundu ya panya?" Akainyanyua juu kama nataka kumnyang'anya mtoto. Kisha akanipa. "Chukua. Ukishamaliza kaa nayo, iwe yako, nisiione tena kwenye sinia yangu."

Nikalala chini. Sasa niliona niliyoyapita kwa siku tatu. Kuna njia ndogo zimekanyagwa zikalainika, kutoka shimo hadi shimo. Kuna mabua ya majani ya Saidi yamekatwa sawasawa, yameburutwa mpaka mlangoni. Finjani inaingia bila kugusa. Panya, tena wa mashimo, wale wanene wa mashambani, ukoo mzima. Walikuwa wanapita chini ya ukingo kwenda kula kwa Saidi na kurudi kulala kwa Bi Zuwena, na kila njia yao ilikuwa bomba la kuvujisha maji.

Lakini mashimo mengine dalla ingepita. Yalianza madogo, kisha yamepanuliwa kutoka nje, udongo umetupwa nyuma, na mikwaruzo ya makucha inaonekana wazi. Saidi, aliyekuwa ameshafika bila kuitwa, akapiga makofi.

"Makucha! Si nilikwambia? Makucha hayo ya panya?"

Hayakuwa ya panya. Nikakubali. Mbweha alichimba pale, tena sehemu nyingi. Kwa mambo yalivyokuwa, Saidi alikuwa na haki ya kusema, na siku za zamu zilikuwa zinakaribia.

Hapa, vijana, nawapa elimu isiyopendeza mezani. Mbweha hupenda kuacha kinyesi chake mahali pa juu, kwenye jiwe au mzizi, kama mtu anayebandika tangazo. Niliwahi kufundishwa hivyo Dima wa Tayyin na mchunga mbuzi aliyesoma mlima kwa vinyesi kama mimi ninavyosoma gazeti. Kikishakauka hakina harufu, na ukikivunja kwa kijiti ndani utakuta kila alichokula. Nikaokota vya kutosha kutoka kwenye mawe ya ukingoni, nikaviweka juu ya kipande cha boksi, nikamwomba Ami Hamdun aje baada ya alasiri, na Saidi naye.

Bi Zuwena alipoona nimebeba nini akasimama mlangoni.

"Hapo hapo ulipo! Najisi hiyo isikaribie mkeka wangu."

"Tutakaa nje, Bi Zuwena."

"Mtakaa nje, na kahawa mtakunywa mkishanawa mpaka viwiko. Mwambie na huyo." Alimaanisha Saidi, aliyekuwa hajui Kiswahili ila "njoo" na "haraka," lakini alielewa kidole.

Tukachutama watu watatu kuzunguka boksi, Bi Zuwena kwa mbali na mtandio puani. Nikavunja cha kwanza. Kokwa za tende. Saidi akasema, "Mwizi wa tende pia!" Nikavunja cha pili. Mbawa ngumu za mende, na manyoya mafupi ya kijivu yaliyosokotana. Cha tatu manyoya, vifupa vyembamba kama sindano, na jino. Nikalisugua jino lile kwa vidole nikampa Ami Hamdun. Lilikuwa refu, limepinda, la rangi ya chungwa kwa mbele.

Akaligeuza kwenye mwanga. "Hili la panya," akasema. "Ninao ghalani, meno yao nayajua."

Cha nne, meno tena. Cha tano, meno na manyoya. Kisha nikavunja kimoja na ndani yake ukatoka unyoya mdogo, mwekundu.

"Ahaa!" Saidi akainuka. "Unyoya! Ushahidi!"

Bi Zuwena akatoa mtandio puani. "Niambie anasema nini."

Nikamtafsiria.

"Mwambie huyo alikuwa Bi Harusi, Mungu amrehemu, alilala nje siku ile kwa ujeuri wake. Nimeshasamehe. Kama mimi mwenye kuku nimesamehe, yeye analilia nini?"

Nilipomfasiria Saidi, Ami Hamdun alicheka mpaka akakaa chini. Saidi hakucheka, lakini midomo ilimcheza.

Nikawaeleza polepole, kama ninavyokuelezeni nyinyi. Panya anatoboa ukingo. Mbweha anamsikia panya chini ya udongo kwa yale masikio yake, anachimba kumtoa. Kweli anaharibu ukingo, lakini anaharibu palipokwisha haribiwa. Mkimuua yeye, panya watapata raha, na mwaka ujao hata hayo maji kidogo hayatamfikia Saidi. Tuzibe njia za panya, tuwatege, tuwafungie kuku vizuri, na mbweha akikosa panya hapa atakwenda kutafuta kwengine.

"Maneno mazuri," akasema Saidi. "Zamu yangu itasema."

Basi tukafanya kazi. Tuliufungua ukingo penye mashimo, tukajaza mawe madogo, udongo mzito, tukashindilia, na penye udhaifu zaidi tukatia saruji. Tukaweka vizimba vya panya, chambo tende na kipande cha ng'onda, samaki mkavu, kwa sababu panya akishiba kimoja hutamani kingine. Banda la kuku tulilizungushia waya, na hapa mnisikilize: waya msiuishilizie juu ya ardhi. Mbweha akifika ukutani huchimba hapo hapo chini ya pua yake. Uzikeni, kisha mkunje ncha yake kuelekea nje, chini ya udongo. Atachimba, atakuta waya, atachimba tena, atakuta waya, na hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili aanzie mbali. Akili anayo nyingi, lakini hiyo hana.

Bi Zuwena alibeba mawe kwa karai kichwani, akikataa kusaidiwa. Saidi alishinda ukutani kwake akitoa maoni. "Jiwe hilo limelala vibaya." "Udongo huo mkavu." Nilimjibu mara moja tu, kwamba maoni yangekuja na koleo tungeshamaliza. Hakuja.

Siku ya zamu yake tukakutana ukingoni jua likianza kutoka. Ami Hamdun alitazama kivuli cha kijiti chake cha kupimia saa za zamu, akasema bismillahi, akafungua maji. Yakaja yamejaa, ya rangi ya chai, yanasukuma majani makavu mbele yake. Yakapita ukingo wa kwanza, hakuna kitu. Yakapita penye mtego wangu wa fuko, hakuna kitu. Bi Zuwena alikuwa na ndoo ya udongo mkononi, midomo ikimwenda kwa dua. Mimi nilikuwa nimesimama, macho kwenye maji.

Kisha karibu na mpaka wa Saidi, nikaona maji yanazunguka. Mzunguko mdogo kama kikapu, unanyonya. Tundu moja tulikuwa hatukuliona. Nje ya ukingo mchanga ukaanza kulowa, ukaota alama nyeusi inayotanuka.

Saidi aliiona pamoja nami. Akageuka kuelekea nyumbani kwake, na nilijua anafuata nini.

Hakufika mbali. Mbele yake, kwenye ukingo mkavu wa upande wa pili, mbweha alikuwa amesimama. Mdogo kuliko nilivyodhani, miguu myembamba, masikio makubwa yamejaa mwanga wa asubuhi. Nadhani tulimfumania akirudi zake. Saidi akainama polepole akaokota jiwe la kumjaa kiganja, akainua mkono. Alikuwa karibu mno, asingemkosa.

Mbweha akageuza uso kututazama, na hapo sote tukaona kilichoning'inia mdomoni mwake. Panya mnene, mkia umelegea, na mdomoni mwa panya mwenyewe bado limo jani la kijani kutoka shamba la Saidi.

Sijui mkono ule ulikaa juu muda gani. Mbweha aliruka ukuta akapotea. Saidi akaushusha mkono, akalitazama jiwe, akayatazama maji yanavyozunguka. Kisha akaingia mferejini na dishdasha yake yote, akalitia jiwe lile kwenye tundu, akalikanyaga kwa kisigino mpaka likazama. Mzunguko ukavunjika. Maji yakanyooka, yakaenda kwake.

Akainua kichwa, maji mpaka magotini, akanikuta nimeduwaa.

"Ya muhandis! Lete udongo! Umesimama tu?"

Bi Zuwena akanitia ndoo mkononi. "Nenda, mwanangu," akasema kwa Kiswahili. "Umeitwa."

Sumu aliileta Saidi mwenyewe ofisini, imefungwa kwenye mfuko juu ya mfuko, tukaiondosha kama inavyotakiwa. Kuku wakabaki. Alizaliwa hata Bi Harusi mwengine, mwekundu kama yule wa kwanza. Niliendelea kupita pale kila kazi iliponipeleka Ibra, na mara nyingine nilimkuta Saidi kakaa kwenye ukingo wa Bi Zuwena, nje ya mkeka, akinywa kahawa aliyonawia mikono mpaka viwiko.

Nawashukuru watu hao. Namshukuru Saidi kwa kusubiri siku ambazo angeweza asisubiri, na Ami Hamdun kwa kuniita mimi kabla hajaita ugomvi. Namshukuru Nassor kwa kipimo, na babu yangu wa Tabora kwa mtego ambao haukukamata kitu na bado ukanionyesha kitu. Nilipohamia Nizwa walimu walikuwa wakiniita shuleni kuwaelezea watoto mamalia, na kila mara nilianza hivyo: huyu hutoka, huyu hatoki, huyu huziba mlango wake, huyu huuacha wazi. Watoto walikuwa wakielewa papo hapo.

Bi Zuwena alikwenda mbele ya haki kabla sijastaafu. Finjani yake ninayo. Ina ufa mmoja, na udongo umeingia ndani ya ufa hautoki kwa kuoshwa. Rahma, siku utakayopata kazi njoo uichukue. Kahawa usinywee.